Mwami wa Milimani na Wafanyabiashara wa Ziwani

Rumonge iko kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kilomita zipatazo 70, katika tambarare nyembamba ya Imbo. Magharibi yake ni Ziwa Tanganyika, na mashariki milima inapanda ghafla kuelekea moyo wa Burundi. Katika karne ya 19 majahazi ya Ujiji yalitia nanga kwenye ufuo huu, yakaleta vitambaa na shanga na bunduki, yakaondoka na mafuta ya mawese, pembe za ndovu na watumwa. Wafanyabiashara hao wa Kiswahili na Kiarabu walikuwa wamekwisha kuitawala sehemu kubwa ya Manyema, ng'ambo ya ziwa. Kwa nini basi hawakuitawala Burundi, nchi ambayo milima yake waliiona kutoka kwenye mashua zao?

Jibu linaanza mbali, katika swali ambalo kila ufalme hulazimika kulijibu: kwa nini mtu huyu, na si mwingine, ndiye mfalme? Wachina walilijibu kwa maandishi mapema sana. Yapata mwaka 1046 K.K. ukoo wa Zhou uliupindua ukoo wa Shang, na washindi walihitaji hoja ya kuuhalalisha ushindi wao. Walisema kwamba Mbingu humpa mfalme mwema amana ya kutawala, na kwamba akiwa dhalimu Mbingu humnyang'anya na kumpa mwingine. Karne tano baadaye Confucius, aliyezaliwa mwaka 551 K.K., aliijenga juu ya wazo la namna hiyo falsafa nzima ya maadili: uungwana wa mtu hupimwa kwa mwenendo wake, na mtawala hutawala kwanza kwa mfano wake. Hoja ya Zhou ilikuwa na matokeo makubwa, kwa kuwa iliuacha mlango wazi. Muasi yeyote aliyeshinda angeweza kudai kwamba Mbingu imehamia kwake, na ndivyo walivyofanya waanzilishi wa nasaba nyingi zilizofuata.

Burundi ilijibu kwa njia nyingine. Mwanzilishi wa ufalme, Ntare Rushatsi, hukadiriwa kuwa aliishi mwishoni mwa karne ya 17. Mapokeo hayakubaliani juu ya asili yake: baadhi humleta kutoka kusini, upande wa Buha, kupitia mlima wa Nkoma, na mengine humhusisha na Rwanda, upande wa mto Kanyaru. Simulizi la pili lilipendwa sana wakati wa ukoloni, lakini mimi naliona la Nkoma kuwa na mizizi zaidi. Wanahistoria wamebishana pia juu ya idadi ya wafalme. Wengine walihesabu duru nne za majina ya kifalme, na wengine mbili tu. Hesabu fupi ndiyo inayokubaliwa na wengi leo.

Majina hayo yalikuwa manne, nayo yalifuatana kwa utaratibu usiobadilika: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Mrithi, kwa imani ya watu, alizaliwa akiwa ameshika mbegu mkononi. Kila mwaka mwami, yaani mfalme, aliongoza umuganuro, sherehe ya kufungua msimu wa kupanda mtama, huku ngoma takatifu Karyenda ikiwakilisha ufalme wenyewe. Alipofariki, alizikwa milimani, na Wabanyange wakalilinda kaburi lake. Kwa hiyo duru ilikuwa imefungwa: mfalme mbaya angeweza kuvumiliwa au kuasiwa, lakini hapakuwa na nafasi ya mtu wa ukoo mwingine. Chini ya mwami na watoto wa kifalme, yaani baganwa, walikuwapo bashingantahe, wazee waliochaguliwa na jamii kwa uadilifu wao ili waamue mashauri. Confucius angewatambua mara moja.

Chini ya Ntare Rugamba, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, ufalme ulipanuka sana. Hata hivyo nguvu yake ilipungua kadiri mtu alivyoteremka Imbo, mahali pa joto na malaria ambapo watu wa milimani hawakupenda kukaa. Wamisionari wa Kikatoliki waliofika Rumonge mwaka 1879 walishughulika hasa na wakuu wa hapo ufuoni, na tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa katika ugomvi na mmoja wa wakuu hao.

Katika pengo hilo aliingia Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa bwana mkubwa wa Ujiji katika miaka ya 1880. Aliushika ufuo na kujaribu kupanda milimani, lakini mwami wa wakati huo, Mwezi Gisabo, alimzuia. Wengine hueleza kushindwa huko kwa jiografia, na kweli mlima humnyima mwenye bunduki nusu ya faida yake. Wengine hutaja wingi wa wapiganaji wa mwami. Sababu zote mbili zina uzito, lakini hazitoshi, kwa maana Mwezi hakuwa na umoja nyumbani. Alikuwa na maadui wengi. Hata hivyo Kilima, muasi wake wa kaskazini-magharibi, alidai kuwa ni wa uzao wa Ntare. Waliompinga mwami walitaka kukaa ndani ya nyumba ileile, na mgeni wa pwani hakuwa na jina katika duru yao.

Wajerumani, waliojenga kituo chao Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, walilielewa jambo hilo baada ya muda. Hawakudai kiti. Waliungana na Kilima na Maconco, mkwe wa mwami, wakamshinda Mwezi, na kwa mkataba wa Kiganda wa tarehe 6 Juni 1903 wakamtoza ng'ombe 424 na kuwatambua waasi hao wawili. Lakini walimwacha Mwezi kuwa mwami. Miaka michache baadaye walikuwa wamegeuka na kumsaidia dhidi ya waasi walewale, na alipofariki mwaka 1908 aliyerithi alikuwa mwanawe, kwa jina la Mutaga, kama duru ilivyotaka. Baada yake alikuja Mwambutsa, na baada ya Mwambutsa, mwaka 1966, Ntare wa mwisho, aliyepinduliwa tarehe 28 Novemba mwaka huohuo na jeshi lililotangaza jamhuri.