Farasi wa Karatasini

Mtu aliyefundisha kwa miaka mingi hawezi kuona namba bila kuuliza imepatikanaje. Maksi 70 za shule moja si maksi 70 za shule nyingine, mpaka ujue mtihani ulitungwa na nani, ulisahihishwa na nani, na msahihishaji alikuwa na faida gani katika matokeo. Ndiyo maana nikiwasikia vijana wa mtaani kwetu wakibishana kuhusu magari yao yenye tabo, huyu akisema lake lina nguvu za farasi 280, yule akisema lake fundi amelifikisha 400, mimi huvutiwa zaidi na historia ya kipimo chenyewe kuliko mwendo wa gari.

Kipimo hiki kilizaliwa sokoni. James Watt, fundi wa Uskoti wa karne ya 18, alikuwa akiuza mashine za mvuke kwa watu waliozoea kutumia farasi. Mnunuzi hakutaka kujua habari za mvuke. Alitaka kujua mashine itawapumzisha farasi wangapi. Watt akaamua kwamba farasi mmoja ni sawa na kazi ya kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Farasi wa kawaida hawezi kuvumilia kazi hiyo kutwa nzima. Kwa hiyo aliyenunua mashine hakupunjwa, na muuzaji alipata sifa. Lakini tangu siku hiyo jambo moja lilikuwa wazi: anayeuza ndiye anayepima.

Nchi za Ulaya bara zilipochukua kipimo hicho zilikilinganisha na mizani yao ya kilo na mita: kilo 75 kuinuliwa mita moja kwa sekunde. Farasi wa Mwingereza anainua kilo 76 na kidogo. Tofauti haifikii hata mbili kwa mia, lakini ipo. Farasi 280 wa Kijapani, kwa kuwa Wajapani hufuata kipimo cha Ulaya bara, ni 276 wa Kiingereza. Wazee wetu wa pwani waliopima nafaka kwa pishi na vibaba wasingeshangaa.

Tofauti hiyo ni ndogo. Kubwa zaidi zilitokana na tamaa na kodi. Uingereza, kuanzia mwaka 1921, ilitoza kodi ya pauni moja kwa kila nguvu ya farasi, na hesabu ilifanywa kwa upana na idadi ya silinda tu, bila kujali urefu wa mwendo wa pistoni. Viwanda vikajibu kwa kutengeneza silinda nyembamba na ndefu, ili gari liwe na nguvu barabarani na unyonge mbele ya mtoza kodi. Ufaransa nayo ilikuwa na farasi wake wa kodi, na gari la Citroën la mwaka 1948 likaitwa 2CV, yaani farasi wawili, ingawa injini yake ilitoa kama farasi tisa.

Marekani mambo yalikwenda kinyume. Huko hesabu kubwa ilileta wateja. Injini ilipimwa ikiwa uchi: haina feni, haina chujio la hewa, haina bomba la moshi la kawaida, wala haizungushi jenereta. Ni kama kumpima mwanafunzi mbio akiwa hana viatu, begi wala jembe, kisha ukatangaza kuwa hivyo ndivyo anavyokwenda shuleni. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 utaratibu ukabadilishwa, injini ikapimwa na vifaa vyake vyote. Cadillac Eldorado iliyotangazwa kuwa na farasi 365 mwaka 1971 ikatangazwa kuwa na 235 mwaka 1972. Injini ilikuwa ileile. Farasi 130 walikuwa wameishi kwenye karatasi.

Japani ilituonyesha ajabu nyingine. Mwaka 1988 vifo vya barabarani nchini humo vilizidi 10,000, na serikali ikawa na wasiwasi. Watengenezaji wakakubaliana wao kwa wao, bila sheria iliyoandikwa, kwamba gari la kuuzwa nchini mwao lisitangazwe kuwa na zaidi ya farasi 280. Nissan Skyline GT-R ya mwaka 1989, yenye tabo mbili, ikatangazwa 280. Waliyoipima nje ya kiwanda waliona mara nyingi kwamba imezidi hapo. Kwa miaka 15 hivi magari mbalimbali yalitoka viwandani na namba ileile, kama darasa ambalo kila mtoto mwenye akili amepewa maksi sawa ili asimtie wivu mwenzake. Makubaliano hayo yalikoma mwaka 2004, Honda ilipotoa Legend ya farasi 300. Waingereza waliongopa chini kwa ajili ya kodi, Wamarekani wakaongopa juu kwa ajili ya biashara, Wajapani wakaongopa chini kwa ajili ya amani.

Tabo iliongeza utata kwa sababu ya namna inavyofanya kazi. Alfred Büchi wa Uswisi aliipatia hataza mwaka 1905: moshi unaotoka huzungusha gurudumu dogo, nalo husukuma hewa ndani ya injini. Hewa nyingi huchoma petroli nyingi, na nguvu huongezeka. Injini ya kawaida ina mpaka wake. Ya tabo mpaka wake ni kiasi cha hewa ambacho fundi ameruhusu, na ubora wa petroli inayoweza kustahimili. Namba za petroli nazo hutofautiana. Petroli ya 93 ya pampu za Marekani ni karibu sawa na ya 98 ya Ulaya na Japani, kwa kuwa Wamarekani huandika wastani wa vipimo viwili. Aliyeongeza hewa kwa kutegemea petroli ya Tokyo, kisha gari likaja kunywa petroli dhaifu zaidi ya kwetu, huenda akapata pistoni iliyotoboka badala ya farasi.

Tena kuna swali la mahali pa kupimia. Fundi mmoja hupima nguvu kwenye magurudumu. Mwingine hupima hapohapo, kisha huongeza anachokisia kuwa kimepotea kwenye giaboksi na ekseli, na kukuandikia nguvu ya injini. Wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na karatasi zao zisilingane.

Sisi wa nyanda za juu tuna la ziada. Nairobi ipo karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa huko ni nyepesi karibu sehemu moja ya tano. Mashine ya kupimia huongeza hesabu ili kufidia upungufu huo, na kwa injini ya kawaida ni haki. Lakini tabo iliyowekwa kushika kiwango kilekile cha hewa hujifidia yenyewe. Ukiiongezea tena, umemlipa mtu posho mara mbili. Si ajabu kwamba Toyota Celica yenye tabo ilishinda Safari Rally mwaka 1984, ya kwanza ya aina yake kushinda.

Katika mbio hizohizo za dunia ndipo udanganyifu ulipofika kileleni. Mwaka 1995 kanuni ilitaka hewa ipitie tundu la milimita 34, ili nguvu zikae karibu na farasi 300. Timu ya Toyota ikakutwa na kifaa kilichopitisha hewa kando ya tundu hilo, na kujifunga kilipofunguliwa kukaguliwa. Walifungiwa miezi 12. Rais wa FIA, Max Mosley, alikiri kwamba ulikuwa werevu mkubwa kuliko wowote aliopata kuuona.

Vijana wanaotoa akiba zao kununua gari kwa sababu ya namba iliyoandikwa, na wanaolikimbiza kwa kuiamini, wanastahili kujua haya. Namba isiyotaja ilipimwa wapi, kwa petroli gani, kwa farasi wa nchi gani, na kwa faida ya nani, bado haijawa kipimo. Ni neno la muuzaji, na la muuzaji huulizwa kabla mtu hajatoa pesa.