Barua ya suluhu inapofika mahakamani

Umegonga gari la mtu. Kabla ya kesi unamwandikia: "Nitakupa shilingi 80,000 tuyamalize." Anakataa na kwenda mahakamani. Je, anaweza kumwonyesha hakimu barua hiyo kama ushahidi kwamba umekiri kosa?

Nchini Kenya, kifungu cha 23 cha Sheria ya Ushahidi kinasema kuwa katika kesi za madai, ukiri hauthibitishwi mahakamani iwapo ulitolewa kwa sharti la wazi kwamba usitumike kama ushahidi, au mazingira yanaonyesha pande zote zilikubaliana hivyo. Ndiyo maana mawakili huandika juu ya barua "bila kuathiri haki". Bila kinga hiyo, nani angethubutu kutaja kiasi?

Utata huanza anapojitokeza mtu wa tatu. Mwaka 1971 kampuni ya Rush & Tompkins ilipewa kazi na Greater London Council kujenga nyumba 639 jijini London. Kazi ilichelewa na madai yakazuka. Mwaka 1981 baraza hilo lilikubali kulipa pauni milioni 1.2 kumaliza madai yote ya kampuni hiyo. Mkandarasi wake mdogo, Careys, alikuwa bado anadai chake. Akataka aonyeshwe barua za mazungumzo, ajue dai lake lilikadiriwa kiasi gani ndani ya kitita kile.

Mahakama ya Rufani ilimkubalia. Mwaka 1988 Bunge la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya juu kabisa Uingereza, likatengua: kinga haifi kwa sababu tu suluhu imepatikana, na inamzuia hata mdai mwingine katika mgogoro uleule. Kwa Careys lazima iliuma, lakini naona uamuzi ulikuwa sawa. Hukumu za Uingereza haziwafungi majaji wetu, ila huzirejelea mara nyingi.

Usidhani maneno hayo ni hirizi. Barua isiyo na nia ya kusuluhisha hailindwi hata ukiyaandika kwa wino mwekundu. Mkibishana kama mlikubaliana au la, mahakama inaweza kuzisoma barua hizo. Na nyaraka zilizokuwapo tangu awali, kama risiti ya gereji, hazipati kinga kwa kuambatishwa tu kwenye barua ya suluhu.