Nchi ya Juu ya Iramba

Msafiri atokaye Usukuma kwenda mashariki hupita kwanza mbuga ya Wembere, nchi tambarare, yenye maji tele wakati wa masika na vumbi wakati wa kiangazi. Kisha huona mbele yake ukuta wa mlima. Akiisha kuupanda, afika penye upepo wa baridi, miombo, na mashamba ya mtama na uwele. Hiyo ndiyo nchi ya juu ya Iramba, na Kinampanda imo humo.

Wenyeji wake ni Wanyiramba. Wazee husimulia ya kuwa asili yao ni Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria, na jirani zao Waisanzu husimulia vivyo hivyo. Zamani ukoo ulifuata mama. Mrithi wa mtu alikuwa mtoto wa dada yake, wala si mwanawe. Twaona desturi hii ilikuwa na nguvu kuliko silaha, maana mgeni akioa hapa, watoto wake walikuwa wa ukoo wa mama yao, hata kama baba alikuwa Mnyaturu au Msukuma.

Huko Sekenke, chini ya ukuta, Wadachi walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909. Mwaka 1916, wakati wa vita, wakaipiga sarafu mjini Tabora.

Lakini mali ya wakulima ilikuwa udongo na miti. Watu walipoongezeka, shoka na jembe vilifuatana hata ukingoni mwa mlima. Palipokatwa miombo, mvua kubwa huchimba makorongo, na udongo wa mashamba hushuka Wembere.