Vumbi la Makangaga ya Usambara

Ukipita msituni Magamba, karibu na Lushoto, geuza jani la kangaga lililokomaa. Chini yake pana madoa yenye vumbi. Vumbi hilo ni spora, maana kangaga halina ua wala mbegu.

Katika miaka ya 1890 Mjerumani Carl Holst alikusanya mimea mingi ya Usambara. Lakini majani hufanana, huwadanganya hata wataalamu. Basi hutazama spora kwa hadubini. Spora ya Asplenium ni kama haragwe, ina kovu la mstari mmoja. Ya Cyathea, lile kangaga refu kama mti, ina kovu la mistari mitatu, mfano wa unyayo wa kuku. Hata jani likikauka miaka mia, alama hizo hubaki. Jina lililokosewa zama za Holst laweza kusahihishwa leo.