Aina za maneno: neno la Kiingereza lisilobadilika umbo

Anayetafuta neno la Kiingereza katika kamusi akumbuke kwamba umbo peke yake halitoshi kutambulisha aina ya neno. ‘Water’ ni nomino (maji) na pia ni kitenzi (mwagilia). ‘Light’ ni nomino (mwanga), kitenzi (washa) na kivumishi (-epesi). Herufi ni zilezile. Kinachotofautisha ni nafasi ya neno katika sentensi.

Lugha za Kibantu huziweka habari hizo mwanzoni mwa neno lenyewe. Mfano uko katika majina ya wenyeji wa nyanda za juu za Kigoma: Muha, Waha, Kiha, Buha. Mzizi ni -ha. Kiambishi ndicho kinachotujulisha kama anatajwa mtu, watu, lugha au nchi. Kiha chenyewe hufanya vivyo hivyo: Abaha ni watu, Igiha ni lugha. Mwanafunzi wa Kasulu au Kibondo aliyelelewa kwa Kiha na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili, huingia kidato cha kwanza, ambako masomo hufundishwa kwa Kiingereza, akiwa na mazoea hayo tangu utotoni. Kiingereza kinamtaka atazame nje ya neno.

Gharama yake huonekana katika mitihani. Vitenzi vya kuamuru katika maswali hufanana umbo na nomino ambazo mwanafunzi alizijua kwanza: ‘name’ (jina), ‘state’ (dola), ‘list’ (orodha), ‘account’ (akaunti). Swali la Jiografia likisema ‘Name two rivers in Kigoma Region’, mtahiniwa anatakiwa ataje, tuseme, Malagarasi na Moyowosi. ‘State two uses of forests’ halihusu dola hata kidogo. Maana yake ni ‘taja bila kufafanua sana’. Nayo ‘account for’ hudai sababu, si hesabu. Hili ndilo linalopotosha kuliko yote, kwa kuwa kitenzi hapa kimeshikamana na ‘for’ na hakifasiriki bila hicho. Mtahiniwa anayeijua mada barabara aweza kupoteza alama kwa neno moja la mwanzo, na mwalimu akadhani udhaifu uko katika Jiografia.

Dalili za kutegemea ni chache. Neno likitanguliwa na ‘the’, ‘a’ au ‘my’, tarajia nomino, ingawa kivumishi chaweza kuingia kati. Likifuata ‘to’ ya kitenzi-jina, ‘will’ au mtenda kama ‘we’, tarajia kitenzi: linganisha ‘We water the beans’ na ‘The beans need water’. Likianzisha amri, ni kitenzi. Maneno machache, kama ‘permit’ na ‘record’, hutofautishwa pia kwa mkazo: silabi ya kwanza kwa nomino, ya pili kwa kitenzi. Sikio la Mswahili halijazoea mkazo unaobainisha aina ya neno.

Neno kama hilo likikopwa, Kiswahili hulivisha: ‘ripoti’ ya mwaka, lakini ‘kuripoti’ tukio, ‘chaji’ ya simu, lakini ‘kuchaji’ simu. Hata hivyo tusijisifu kupita kiasi. Katika ‘amekwenda kulima’ na ‘kulima kwake kumemletea faida’, umbo ni lilelile. La pili ni nomino kamili, yenye upatanisho wake wa ku-.