Noti za Badala na Fedha za Karatasi katika Delta ya Tana

Noti ya badala ni noti halali inayochapishwa ili ishike nafasi ya noti iliyoharibika kiwandani kabla haijafika benki. Kwa kuwa noti hufungwa mafungu kwa nambari zinazofuatana, na kwa kuwa kuichapisha upya noti moja kwa nambari ileile iliyoharibika ni kazi ya gharama, wachapishaji walizoea kutenga mfululizo wa pekee, wakachomoa humo noti moja kila walipokuta nyingine yenye wino uliovuja au ukingo uliokatwa kombo. Marekani ilianza kuweka nyota kando ya nambari hizo mwaka 1910, ilhali katika noti za Kenya zilizochapishwa na kampuni ya Uingereza ya De La Rue alama inayotafutwa na wakusanyaji wa noti ni herufi ZZ zinazotangulia tarakimu saba. Anayelipia mchele katika mji wa Garsen, deltani, kwa noti ya ZZ hupewa chenji sawa na mwenzake, na ndiyo maana noti hizo hupita mikononi mwa watu bila kutambuliwa hadi zichakae.

Hewani, kijiji cha Wapokomo kando ya Mto Tana kinachotegemea mpunga, ndizi na maembe, kimepitiwa na fedha mbalimbali zilizotawala pwani ya Kenya. Kodi ya nyumba iliyoanzishwa mwaka 1901 ilihesabiwa kwa rupia, na noti za kwanza za Himaya ya Afrika Mashariki, zenye jina la Mombasa na tarehe ya 1 Septemba 1905, zilianzia rupia 5 zikafika rupia 500, kiasi ambacho mkulima wa mpunga wa zama hizo hakuwa na sababu yoyote ya kukishika. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919, na ndani ya muda mfupi rupia ilipisha florini mwaka 1920, nayo florini ikapisha shilingi mwaka 1921, mageuzi mawili ambayo mtu wa kijijini aliyekuwa na akiba ndogo nyumbani hakushauriwa juu yake. Benki Kuu ya Kenya ilitoa noti zake za kwanza tarehe 14 Septemba 1966.

Noti za zama hizo zilizosalia katika hali nzuri ni chache, na katika delta sababu zake ni wazi. Karatasi ya noti hutengenezwa kwa pamba, nayo pamba hunywa unyevu. Mto Tana nao hufurika, kama ulivyofurika mwaka 1961 na tena wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998, ambazo ziliharibu hata miundombinu ya mradi wa mpunga wa TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, uliokuwa jirani na Hewani. Hata pasipo mafuriko, noti iliyofungwa kwenye pindo la kanga hupata mikunjo, jasho na vumbi, na kwa mkusanyaji mkunjo mmoja wa katikati unatosha kuiondoa noti katika daraja la juu kabisa, yaani daraja la noti ambayo haijawahi kutumika. Hivyo basi, noti ya ZZ iliyotumika sokoni huwa imepoteza sehemu kubwa ya kile kinachoifanya iwe na bei kwa wakusanyaji.

Suala la uwekezaji linahitaji tahadhari zaidi ya ile inayotolewa na wauzaji. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kuwekwa kwenye fedha, na tarehe 1 Juni 2019, katika sherehe za Madaraka huko Narok, zilizinduliwa noti mpya zenye picha ya jumba la mikutano la KICC la Nairobi; kisha noti ya zamani ya shilingi 1,000 ikakoma kuwa halali baada ya 30 Septemba mwaka huo. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti zipatazo milioni 7.4 za aina hiyo hazikurudishwa, sawa na shilingi bilioni 7.4 hivi. Aliyebaki na noti hizo, ziwe za ZZ au za kawaida, anategemea bei ya wakusanyaji pekee, na wingi huo wa noti zilizobaki hausaidii bei. Kinyume chake, noti ndogo za zamani, kama ile ya shilingi 50 yenye msafara wa ngamia, hazikuondolewa wakati huo, na mwenye ZZ ya aina hiyo alibaki na thamani yake ya kawaida hata asipompata mnunuzi.

De La Rue ilisimamisha uchapishaji wake Nairobi mwaka 2023, na noti zilizotolewa kuanzia Agosti 2024 zimechapishwa na kampuni ya Ujerumani ya Giesecke+Devrient. Msomaji anayetaka kuanza mkusanyo na aanze kwa noti ndogo, safi na zilizo halali, na asitoe shilingi 5,000 kwa noti ya 50 kwa sababu tu muuzaji amemwonyesha herufi mbili.