Nanganga Ni Mbali na Wapi?

Chukua ramani na rula. Kutoka Southampton, Uingereza, hadi Lindi kwa mstari mnyoofu ni kama kilomita 7,800. Sasa toka Lindi, uingie bara hadi Nanganga, pale njia ya Masasi inapoachana na ya Ruangwa. Kwenye ramani hiyo hiyo, kidole kimoja kinafunika safari yote. Wapi ni mbali? Usijibu haraka.

Mwaka 1937 shirika la Imperial Airways lilianza kupeleka ndege za majini kutoka Southampton hadi Durban. Zilitua Alexandria, Khartoum, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, halafu, amini usiamini, Lindi. Zilitua baharini, siyo uwanjani. Mwendo wake ulikuwa kama kilomita 265 kwa saa. Ukigawa, unapata saa 29 na ushee. Lakini wapi! Ndege ilitua kujaza mafuta, abiria wakalala hotelini, saa zikawa siku. Hata hivyo, barua ya Uingereza ilifika pwani yetu ndani ya wiki.

Na mtu wa Nanganga je? Bibi yangu hakujua kilomita. Yeye alihesabu usiku: "Unalala mara mbili njiani, siku ya tatu unaiona bahari." Kichwani ufuta wa kuuza, mgongoni mtoto. Siku tatu kwenda, tatu kurudi. Yaani bibi akienda Lindi na kurudi, barua nayo imeshavuka nusu ya dunia.

Ila tusijidanganye. Ndege ile haikuja kwetu, ilipita kwetu. Safari yake ilikuwa ya Durban. Reli ya Nachingwea nayo ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947. Karanga zikashindwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa. Watu walikuwepo bado, lakini reli haikujengwa kwa ajili yao.

Mvua za 1998 zilinikuta Dar es Salaam. Habari ikaja kwamba bibi amezidiwa. Dar hadi Mtwara kwa ndege ni kilomita 400 hivi, saa moja tu. Ndege ilikuwepo, nauli ndiyo haikuwepo. Basi nikapita njia ya wengi, tukakwama Rufiji tukisubiri kivuko cha Ndundu. Daraja la Mkapa lilikuja kufunguliwa 2003. Nilipofika Nanganga, matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

Tangu hapo rula siiamini. Umbali ni jambo ambalo watu huliamua: nani afikiwe, nani apitwe. Kwa hiyo wewe unayeanza kuandika, saa za ndege zimeshaandikwa kwenye ratiba. Nenda kamuulize bibi yako alilala mara ngapi njiani. Hizo hakuna aliyeziandika, na mimi nilichelewa kuziuliza zote.